Mutoto Mbele ya Zuzi: Habari za Kaunti ya Cook katika Marekani

Katekista mumoja, mwenye kuzoea kuingia buloko kila dominika kwa kusali pamoja na wafungwa, alituletea ulizo. Alisema: «Nimekuta mutoto katikati ya wanaume. Walimukamata na mabati matatu ya jirani. Yeye anasema ana miaka 15, mulinzi anasema ana 19, na mama yake hakuandika siku ya kuzaliwa kwake pahali popote. Usiku analala karibu na mutu aliyeua. Mimi nifanye nini? Tena, katika inchi zingine wanafanya namna gani na watoto kama huyu?»

Ulizo la kwanza tutalijibu mwishoni, kwa sababu jibu lake ni fupi kuliko katekista huyu alivyozania. La pili linadai maneno mengi. Hatuwezi kuzunguka dunia nzima. Tumechagua pahali pamoja tu, ni Kaunti ya Cook, yenye muji wa Chicago ndani yake. Tumeichagua kwa sababu tribinali ya watoto ya kwanza ya Marekani ilizaliwa pale, na kamba iliyofungwa pale Chicago, kama tutakavyoona, imefika hata kwetu Kongo.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Marekani haina sheria moja kwa watoto wote wenye kukosa. Kila jimbo lina sheria zake, na ndani ya jimbo kuna kaunti, ni kusema sehemu ya inchi yenye wakubwa wake na feza yake, karibu kama teritware kwetu. Katika majimbo mengi ni kaunti inayomupokea mutoto kutoka mikono ya polisi, inayomulinda mbele ya hukumu, na inayomufuata nyumbani kwake nyuma ya hukumu. Kwa hiyo mutu akikuambia «Waamerika wanafanya hivi», umuulize: Waamerika wa kaunti gani? Cook ni kubwa sana, wakaaji wake wanapita milioni 5. Kuna kaunti zingine zenye ng'ombe wengi kuliko watu.

Mwaka 1899

Zamani sheria ya Marekani, iliyorizi desturi za Uingereza, ilisema kwamba mutoto aliyepita miaka 7 anaweza kushitakiwa kama mukubwa. Kati ya miaka 7 na 14 ilipaswa tu kuonyesha kwamba alijua ubaya wa jambo alilofanya. Kutoka miaka 14 alikuwa mutu kamili mbele ya zuzi. Chicago ya wakati ule ilikuwa muji wa machinjio na viwanda, imejaa Wapolandi, Waitalia, Wairlandi na Wajerumani waliofika na masanduku yao tu. Wazazi walifanya kazi tangu asubuhi hata usiku, na watoto walilelewa na barabara. Mutoto aliyeokota makaa ya mawe pembeni ya reli aliweza kufungwa pamoja na wezi wazee, na kule ndani wale wezi walimufundisha kazi yao bila kumulipisha kitu.

Wanawake ndio walioona haya kwa ajili ya muji wao. Jane Addams alikuwa amefungua nyumba ya Hull House mwaka 1889, katikati ya mitaa ya wageni masikini. Rafiki yake Julia Lathrop alizunguka katika mabuloko na nyumba za masikini za jimbo la Illinois na kuandika mambo aliyoyaona. Lucy Flower, mke wa avoka, alisukuma maavoka na mazuzi, asiwape nafasi ya kusahau. Mwisho sheria ilitungwa tarehe 21 Aprili 1899, na tarehe 3 Julai ya mwaka ule zuzi Richard Tuthill alifungua tribinali ya watoto.

Mutoto wa kwanza aliyefika mbele yake alikuwa na miaka 11, na kosa lake lilikuwa wizi. Wazazi wake wenyewe ndio waliomuleta, maana walishindwa naye. Lakini hawakutaka afungwe. Waliomba apelekwe kwa nyanya yake katika jimbo la New York, pengine kule mbali atageuka. Zuzi akakubali. Sisi tunapenda sana habari hii: shauri la kwanza la tribinali ile halikumalizika kwa kufuli, lilimalizika kwa nyanya.

Mawazo ya sheria ile yalikuwa machache. Mutoto aliyekosa si adui wa inchi, ni mutoto ambaye malezi yamemupungukia. Zuzi amuangalie kama baba anavyomuangalia mwana wake, akiuliza si tu «umefanya nini?» lakini pia «unaishi namna gani, na nani anakulea?» Mashauri ya watoto yasikilizwe katika chumba chao na kuandikwa katika kitabu chao. Mutoto wa chini ya miaka 12 asiwekwe tena katika buloko. Na zuzi awe na waangalizi, ni kusema watu wa kumutembelea mutoto nyumbani na kwenye masomo, na kumuletea zuzi habari zake.

Waangalizi hawa ndio moyo wa kazi yote. Lakini sheria iliwataja bila kuwaandikia mushahara! Leta ilitunga neno nzuri, halafu ikafunga mufuko wake. (Wasomaji wetu watajua kwamba ugonjwa huu haukubaki Chicago.) Wale wanawake wakakusanya feza wenyewe na kuwalipa waangalizi wa kwanza. Wa kwanza kabisa alikuwa Alzina Stevens, mutu wa Hull House. Yeye mwenyewe katika utoto wake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, akakatwa kidole na mashini. Hakuna aliyepaswa kumufasiria mateso ya watoto.

Mufano huu ulienea upesi. Mwaka 1925 majimbo yote ya Marekani, isipokuwa mawili tu, yalikuwa na tribinali za watoto. Ulivuka bahari vilevile. Katika Ubelgiji, waziri mukatoliki Henry Carton de Wiart alipitisha sheria ya tarehe 15 Mei 1912 yenye kuweka zuzi wa watoto. Na kutoka Ubelgiji wazo lilifika huku: tarehe 6 Desemba 1950 ilitolewa sheria juu ya watoto wenye kukosa katika Kongo. Sheria ile ilidumu zaidi ya miaka hamsini, kwenye makaratasi zaidi kuliko kwenye mabuloko yetu. Tutairudilia.

Ubaba bila sheria

Mutu atauliza: kama zuzi ni baba, mutoto anahitaji avoka wa nini? Hakuna mutoto anayeleta avoka mbele ya baba yake. Waamerika walisema hivi kwa muda wa miaka karibu sabini, na hapa ndipo walipojikwaa.

Mwaka 1964, katika Kaunti ya Gila, jimbo la Arizona, polisi walimukamata kijana wa miaka 15, jina lake Gerald Gault. Jirani mwanamuke alisema kijana huyu pamoja na mwenzake walimuambia maneno machafu katika telefone. Baba na mama walikuwa kazini, na hakuna mutu aliyewaachia habari. Mama alirudi jioni, akaanza kumutafuta mutoto. Mbele ya zuzi hapakuwa na avoka. Hapakuwa na mutu wa kuandika maneno yaliyosemwa. Yule jirani hakufika hata mara moja. Zuzi akaamuru kijana apelekwe katika nyumba ya Leta ya kurudi watoto, akae kule mpaka atimize miaka 21, isipokuwa wamufungue mbele. Sasa sikieni: kama mutu mukubwa angetenda kosa lile lile, azabu yake ingekuwa faini ya dola 5 mpaka 50, ao kifungo cha miezi 2 kwa kuzidi. Mutoto, kwa sababu walimupenda kama mwana, alipewa miaka 6.

Shauri lile lilipanda hata Tribinali Kubwa ya Marekani, na jibu lilitoka tarehe 15 Mei 1967. Mazuzi wakubwa walisema kwamba mutoto ana haki ya kujulishwa kosa analoshitakiwa, na wazazi wake vilevile; ana haki ya avoka, na kama hana feza Leta imupe; ana haki ya kusikia washuhuda wake na kuwauliza; hawezi kulazimishwa kujishitaki mwenyewe. Mwaka 1970 waliongeza kwamba kosa la mutoto lapaswa kuhakikishwa bila mashaka, sawasawa na kosa la mukubwa. Nyuma yake, mwaka 1974, sheria ya inchi nzima ilianza kuyanyima feza majimbo yenye kuwafunga watoto pamoja na watu wazima, na yenye kuwafunga kwa makosa ambayo si makosa kwa mukubwa, kama vile kutoroka nyumbani ao kukosa masomo.

Wanafunzi wa seminari wanaosoma sheria ya Eklezya watafahamu vema jambo hili. Upendo wa mwenye kuamuru si sababu ya kuondoa haki ya mwenye kuamuriwa.

Njia ya mutoto leo

Tuchukue mufano wa kijana wa miaka 15 aliyekamatwa Chicago usiku. Njia yake ina milango mingi, na katika kila mulango kuna mutu mwenye kuuliza: je, tunaweza kumurudisha kwao toka hapa?

Mulango wa kwanza ni polisi wenyewe. Kama kosa ni dogo, polisi anaweza kumuonya, kuita wazazi, kumupatia kazi fulani ya kufanya ao kumuambia alipe alichoharibu, na shauri linaisha bila zuzi. Wanapomuuliza maneno, hawana ruhusa ya kumudanganya, kwa mufano kumuambia «mwenzako amekwisha kukutaja», na sivyo. Sheria hiyo ya Illinois ilianza tarehe 1 Januari 2022, na Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kuitunga. Sababu yake ni ya uchungu: vijana wengi wa Chicago walikuwa wamekubali makosa makubwa ambayo hawakufanya, wakafungwa miaka na miaka, halafu damu na alama zingine za mwili zikaonyesha mutu mwingine. Mutoto aliyechoka, mwenye kutaka kurudi nyumbani, atasema neno lolote unalotaka. Kila mwalimu anajua.

Kama polisi wanataka alale ndani, si wao wanaoamua. Waangalizi wa kaunti wanachukua karatasi yenye hesabu. Kosa zito linaandikiwa namba kubwa, silaha inaongeza, kama alikwisha kuitwa mbele ya zuzi na hakufika, inaongeza tena. Namba ikiwa ndogo anarudi kwao. Ikiwa kubwa anaingia. Ikiwa katikati, kuna njia ya katikati tutakayoisema. Zamani kila mutu aliamua kwa macho yake, na macho ya watu yanaangalia nguo, rangi ya mwili, namna mama anavyojibu. Karatasi haina macho. Hatusemi kwamba inaondoa uonevu wote, maana hata leo watoto weusi katika nyumba ya Chicago ni wengi kuliko hesabu yao katika kaunti. Lakini inamulazimisha mukubwa kutoa sababu yake.

Aliyeingia lazima afikishwe mbele ya zuzi mbele ya saa 40 kupita, bila kuhesabu siku ya posho, dominika na sikukuu za tribinali. Zuzi haulizi bado kama alifanya kosa ao hapana. Anauliza kama kuna sababu ya kweli ya kumushitaki, na kama kuna haja ya kumuzuia. Avoka yuko naye tayari, mara nyingi yule avoka anayelipwa na kaunti kwa kusimamia masikini.

Nyumba yenyewe

Nyumba ya kulinda watoto wa Cook ilijengwa mwaka 1973, upande wa mangaribi ya muji. Ni jengo kubwa: tribinali iko chini, watoto wako juu, kwa hiyo mutoto anashuka tu kufika mbele ya zuzi. Si nyumba ya azabu. Ni pahali pa kungojea. Ndani mna masomo kamili yenye jina la Nancy B. Jefferson, na walimu wake ni walimu wa masomo ya muji wa Chicago, si walinzi waliopewa chaki. Mutoto anayekaa majuma matatu asikose majuma matatu ya hesabu na kusoma: neno hili ni dogo, lakini mutoto aliyepotelewa na mwaka wa masomo mara nyingi harudi tena darasani, na asiyerudi darasani atarudi kwa polisi.

Tusizanie kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Katika miaka ya 1990 nyumba ile ilijaa kupita kipimo, watoto wakalala chini, na uchafu, magonjwa yasiyotunzwa na mapigo vilisikika nje. Mwaka 1999 maavoka walishitaki kaunti kwa jina la watoto. Kaunti iliahidi kutengeneza, ikakawia. Mwaka 2007 zuzi wa Leta kubwa aliiondolea kaunti mamlaka juu ya nyumba ile na kumuweka mutu wa inje kuiongoza. Ilirudishwa mwaka 2015 tu, chini ya zuzi mukubwa wa Cook. Miaka nane! Tunaisema habari hii bila furaha, lakini kuna jambo moja la kuangalia: mushitakiwa alikuwa kaunti, na washitaki walikuwa watoto waliofungwa.

Wakati ule ule walifahamu kwamba dawa ya nyumba kujaa si kujenga nyumba nyingine. Ndiyo njia ya katikati. Saa zenye hatari kwa kijana ni zile za nyuma ya masomo, wazazi hawajarudi na barabara inaita. Basi katika miaka ya 1990 Cook ilianza kufungua vyumba katika mitaa yenyewe ambamo vijana wanaongojea hukumu wanafika tangu saa kumi ya mangaribi hata usiku: wanafanya masomo, wanacheza, wanakula chakula pamoja na watu wakubwa wa mutaa ule ule, halafu gari linawarudisha nyumbani walale kwao. Kijana aliyeshiba, aliyechoka, aliyefikishwa mulangoni kwake, hana nguvu nyingi za kuiba. Wengine wanavalishwa pingu ya muguu yenye kupeleka habari kwa umeme: akitoka nyumbani, waangalizi wanajua. Hatuipendi sana pingu hii, maana inageuza nyumba ya mama kuwa chumba cha buloko, na vijana wengine wanarudishwa ndani kwa sababu tu walikwenda dukani. Lakini ni afazali kuliko kufuli.

Hukumu na mambo yanayofuata

Siku ya hukumu watu wa barabarani hawaingii, na jina la mutoto halitangazwi. Zuzi anasema kama ana hatia ao hapana. Akimuona na hatia, anaweza kutangaza kwamba mutoto yuko chini ya ulinzi wa tribinali, na mwangalizi analeta habari zake zote: nyumba, masomo, afya, marafiki. Kama akili ya mutoto inatia wasiwasi, waganga wa tribinali wanamupima. Kazi hii ni ya zamani pale. Munganga William Healy aliianza mwaka 1909.

Wengi wanarudi kwao chini ya uangalizi. Mwangalizi anafika nyumbani bila kupiga tarumbeta, anauliza mwalimu, anaweka saa ya kuingia usiku, anaangalia kama deni la aliyeibiwa linalipwa. Mwangalizi mwema, walisema waliofanya kazi hii, ni yule ambaye mama wa mutoto anamupigia telefone yeye mwenyewe. Wanaoshindikana kabisa wanapelekwa katika nyumba za jimbo, ambazo tangu mwaka 2006 zina wakubwa wao, mbali na buloko za watu wazima. Na wachache, wenye miaka 16 ao 17 na mashitaka ya kuua ao ya mabaya makubwa mengine, wanatoka moja kwa moja kwa zuzi wa watoto na kwenda kwa zuzi wa wakubwa. Zamani orozo ya mashitaka hayo ilikuwa ndefu. Jimbo liliifupisha kutoka mwaka 2016.

Watu fulani watasema: Huu ni ulegevu, mwizi ni mwizi. Tunawafahamu, hasa wale walioibiwa. Lakini tuulize kwanza kama ukali ulisaidia. Katika miaka ya 1990 Marekani iliwaogopa vijana wake, na karibu kila jimbo likarahisisha kuwapeleka kwa tribinali ya wakubwa. Waliotoka buloko za wakubwa walirudilia makosa mara nyingi kuliko wenzao waliobaki kwa zuzi wa watoto. Waganga nao walionyesha kwamba sehemu ya ubongo yenye kuzuia haraka na kupima matokeo inaendelea kukomaa hata nyuma ya miaka 20. Tribinali Kubwa ilisikia: mwaka 2005 ilikataza kumuua kwa sheria mutu kwa kosa alilotenda mbele ya kutimiza miaka 18, mwaka 2010 ilikataza kumufunga maisha yote, bila tumaini la kutoka, mutoto ambaye hakuua, mwaka 2012 ilikataza sheria zenye kumulazimisha zuzi kutoa azabu ile hata kwa aliyeua, bila kuangalia utoto wake.

Zaidi ya ulegevu, sisi tunaogopa jambo lingine: zuzi asiyeangaliwa na mutu. Katika Kaunti ya Luzerne, jimbo la Pennsylvania, mazuzi wawili, Mark Ciavarella na Michael Conahan, walipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu wenye faida katika nyumba mpya za kufungia watoto. Watoto walisimama mbele ya Ciavarella dakika chache tu, wengi bila avoka, na kupelekwa ndani kwa mambo ya kuchekesha. Musichana mumoja kwa kumuchekelea mukubwa wa masomo yake katika maandiko. Mwaka 2009 Tribinali Kubwa ya Pennsylvania ilifuta hukumu za watoto wale kwa maelfu, na mwaka 2011 Ciavarella alihukumiwa miaka 28. Chumba kilichofungwa kwa kumuficha mutoto asipate haya kilikuwa kimemuficha zuzi. Kwa hiyo mulango ufungwe kwa watu wa barabarani, lakini avoka na mwandishi wawe ndani daima.

Kuna kazi nyingine isiyo ya kaunti. Katika mutaa wa Back of the Yards, pale palipokuwa machinjio ya zamani, mapadri wa Damu Takatifu wana nyumba ambamo kijana aliyekosa, yule aliyekosewa, wazazi na majirani wanaikaa katika duara na kusema mumoja mumoja, mutu asimukatize mwingine, mpaka waone namna ya kutengeneza kilichovunjika. Waamerika wanaiona kuwa jambo jipya. Wazee wetu wa barza watacheka kidogo, halafu watauliza kwa nini sisi tumeiacha.

Turudi kwa mabati matatu

Sheria yetu ya leo ni ile ya tarehe 10 Januari 2009, namba 09/001, yenye kulinda mutoto. Inasema kwamba mutoto wa chini ya miaka 14 hawezi kushitakiwa hata kidogo. Mwenye miaka 14 na asiyetimiza 18 anafika mbele ya tribinali ya watoto tu, si nyingine. Zuzi wa watoto anaweza kumukaripia na kumurudisha kwa wazazi, kumuweka chini ya uangalizi, kumukabizi kwa mutu ao nyumba inayostahili, avoka amusimamie. Msomaji ataona Chicago na Ubelgiji ndani yake. Kama pale zamani, waangalizi ni wachache na mushahara wao ni shida.

Basi, katekista afanye nini? Kila kitu kinasimama juu ya miaka ya mutoto. Mulinzi akisema 19, mulango wa zuzi wa watoto umefungwa, na hakuna mutu atakayeufungua bila karatasi. Wengi wa watoto wetu hawakuandikwa kwa Leta siku walipozaliwa. Lakini wameandikwa pahali pengine, na kitabu kile kiko katika kabati la parokia, nafasi nyingine karibu na mishumaa, nafasi nyingine chini ya panya. Mapadri wanaotusoma wakitunze vizuri, na waandike siku ya kuzaliwa, si siku ya ubatizo peke yake.

Tulimuambia hivyo. Alitembea siku moja na nusu kufika kwenye misioni ambako mama alimubatizisha mutoto wake. Padri alitafuta mangaribi yote, maana jina la baba lilikuwa limeandikwa vibaya. Mutoto alikuwa na miaka 15 na miezi 4. Padri alinakili mustari ule, akapiga muhuri, na katekista akapeleka karatasi kwa zuzi wa watoto na kungojea mbele ya mulango mpaka walipomupokea. Nyuma ya siku kumi na mbili kijana alitolewa kati ya wanaume wale, na zuzi akamukabizi kwa mujomba wake, seremala, pamoja na amri ya kulipa. Mabati mawili yamekwisha kurudishwa. La tatu lilikuwa limetobolewa misumari. Kijana anafanya kazi ya kulinunua jipya.